Madini Kinywani mwa Zawena

Niliyoyaona kwa macho yangu ndiyo nitakayoyasimulia. Yale nisiyoyaona nilielezwa na Redio ya Taifa, ambayo tangu ianzishwe haijawahi kukosea, hata ile wiki ilipokuwa imeharibika.

Nchi yetu haina njaa, haina wizi, wala haina mtu mwenye meno mabovu. Ya njaa na wizi tuliyasikia redioni tukayakubali bila ubishi. Hili la meno ndilo lililotutoa jasho, kwa sababu meno hukaa mbele ya uso, na mtu akicheka kidogo tu Serikali inaumbuka.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona vitambaa vya mikutano ya hadhara, vile virefu vinavyofungwa juu ya barabara. Kila kampeni ya nchi hii imepita chini ya sindano yangu, kwa hiyo naomba niaminiwe ninaposema kwamba hakuna raia anayeipenda Serikali kunishinda. Kila inapobadili mawazo, mimi napata kazi.

Sasa mtaani kwetu Kitopeni kuna Kiwanda cha Baraka, mali ya Tajiri Makwaru. Kiwanda hiki huyeyusha betri kuukuu za magari. Betri hupasuliwa kwa shoka, ikatolewa ile metali nzito ya kijivu iliyomo ndani, inayoitwa risasi, ikatiwa tanuruni. Moshi wake hutoka bombani ukaingia majumbani mwetu bila hodi, na vumbi lake hutua juu ya mapaa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya ugali ukiuacha wazi. Siku ya uzinduzi Rais alikuja akauvuta moshi ule kwa pua zote mbili, akasema ananusa maendeleo. Kisha akapiga chafya, nasi tukapiga makofi.

Haikupita miaka mingi, watoto wa Kitopeni wakaanza kuoza meno. Zamani mtoto alikuwa na jino moja bovu, analia nalo usiku mmoja, limekwisha. Safari hii ilikuwa ni kinywa kizima. Meno yanaota yakiwa na madoa ya kahawia, mtoto akila muhogo yanamegeka.

Nina jirani yangu, mkaanga mihogo, anaitwa Mama Zawena. Mumewe alikuwa mpasua betri kiwandani mpaka kifua kikamshinda, akafariki. Alimwachia binti mmoja tu, huyo Zawena, na Zawena alikuwa na maneno kuliko redio. Akirudi kuchota maji lazima apite kwangu kuokota vipande vya vitambaa, na kila kipande anachookota analipia kwa swali. Siku moja aliniuliza kwa nini moshi hauna nyumba yake mwenyewe hadi ulale kwetu. Nilimwambia watoto hawaulizi mambo ya Serikali. Akaniuliza tena, kwani moshi ni wa Serikali? Nilimfukuza huku nacheka.

Naye alioza meno. Akaanza pia kulalamika tumbo linamsokota, na chakula hakitaki. Mama yake akawa hana wazo jingine duniani ila huyu mtoto apone. Tangu siku hiyo mpaka mwisho wa habari hii hakutaka kitu kingine chochote, na msomaji akumbuke hilo kila atakapoona Serikali ikijaribu kumpa kitu kingine.

*

Wa kwanza kulivalia njuga jambo hili alikuwa Waziri wa Meno na Tabasamu, Mheshimiwa Kindamba, mtu mwenye meno mengi kuliko kawaida. Alitangaza kwamba chanzo ni kashata. Basi bibi kizee mmoja aliyekuwa akiuza kashata nje ya shule akakamatwa na sinia lake. Kesi haikufika mbali kwa kuwa ushahidi uliliwa kituoni kabla ya hakimu kuuona. Nilishona kitambaa cha KASHATA NI ADUI, na watoto wakaendelea kuoza meno, hata Zawena, ambaye chai yake ilikuwa haijawahi kuonana na sukari.

Waziri hakukata tamaa. Aliunda Tume ya maprofesa, nao wakaja Kitopeni wamefunga vitambaa puani kwa sababu ya moshi, wakatafuta chanzo kila mahali. Walichungulia vyoo. Walinusa miswaki. Mwishowe profesa mmoja akamwona mtoto amesimama uani, ameupa ukuta mgongo, anarusha kitu juu ya paa. Ni mila yetu hiyo. Jino la utotoni likitoka, mtoto hulitupa juu ya paa akimwomba kunguru achukue bovu amletee zima. Mimi nilitupa, mama yangu alitupa, na nina hakika hata profesa mwenyewe alitupa.

Tume ikatoa taarifa ndefu ambayo redio iliisoma kwa siku kadhaa. Kwa ufupi ilisema hivi: kunguru wa nchi hii ni wazembe. Hawachukui meno. Meno mabovu yanalala juu ya mapaa, mvua inanyesha, maji yanapita juu ya meno mabovu, yanateremka kwenye mapipa, mtoto anayanywa, meno yake yanaoza, yanatoka, anayatupa juu ya paa. Mheshimiwa Kindamba alisema huo ni mduara wa shetani na yeye ndiye atakayeukata.

Kweli aliukata. Yalikuja magari ya zimamoto yakiwa na mabomba, yakaosha mapaa ya Kitopeni yote. Vijana wakapanda, wakaokota meno nyumba kwa nyumba, wakajaza magunia, yakapelekwa Wizarani kuzuiliwa. Na lile vumbi la miaka lililoganda juu ya bati likateremka na maji, jeusi, zito, likaingia kwenye mapipa yetu ya kunywa. Mama Zawena alitaka kuyamwaga yale maji. Ofisa akamwambia maji ya zimamoto ni maji ya Serikali na kuyamwaga ni dharau, kwa hiyo tukayanywa. Kitambaa cha safari hiyo kilisema KUNGURU SI DAKTARI. Nilikishona vizuri, sijifichi.

Baada ya hapo Zawena alidhoofu vibaya. Ngozi ilipauka, akawa anajikwaa mahali pasipo na kitu. Alikuja kwangu akasimama mlangoni kitambo, ananitazama. Zamani alikuwa akiniita Mjomba Fundi. Siku hiyo aliniita "wewe mtu", akasahau alichofuata, akaondoka bila kuokota kipande hata kimoja. Nilikaa na cherehani yangu na mguu haukutaka kukanyaga.

*

Katika zahanati yetu alikuwepo daktari kijana, Daktari Lwiza, mwanamke mwenye kasoro moja kubwa, kwamba alikuwa anatibu. Huyu aliomba Wizarani konzi moja ya yale meno ya magunia. Akapewa, kwa maana hayakuwa na mwenyewe. Aliyapima, akapima na damu za watoto, kisha akatuita wazazi na majirani akatueleza taratibu, kwa maneno ambayo hata fundi cherehani aliyaelewa.

Alisema ni risasi, ile ya kiwandani. Inaingia kwa vumbi, kwa vidole mdomoni, na kwa maji. Mwili wa mtoto unaokua unaidhania ni madini ya kujengea mifupa, unaipokea kama mgeni wa heshima, unaiweka kwenye mifupa na kwenye meno. Jino linajengeka dhaifu, mate yanakosa nguvu ya kulilinda, na uozo mdogo ambao mtoto mwingine angeushinda, huyu unammaliza. Aliona wenye risasi nyingi zaidi damuni ndio wenye meno mabovu zaidi. Halafu akasema lile lililomfanya Mama Zawena akae chini. Meno ndiyo tunayoyaona, alisema, lakini risasi hiyo hiyo imo kichwani na tumboni mwa mtoto.

Mama Zawena akamuuliza kama kuna dawa.

"Ipo, mama, lakini haipo nchini. Ng'ambo ya daraja wanayo. Mpeleke upesi, na usimrudishe kwenye vumbi hili, maana dawa haitafua dafu."

Daktari aliandikia Wizara pia. Aliomba tanuru lizimwe, udongo uondolewe, watoto wapelekwe kutibiwa. Sisi tukasema haya sasa, Serikali imepata ukweli mkononi, itashtuka.

Ilishtuka kweli, tena kwa furaha. Redio ilikatiza muziki. Mheshimiwa Kindamba akasimama uwanjani Kitopeni, chini ya kitambaa changu, akalia machozi ya kweli mbele ya watu. Nayanukuu maneno yake kwa kuwa yamewekwa katika vitabu vya shule.

"Ndugu wananchi! Wenzetu wanachimba. Wanatoboa milima, wanafukiwa mashimoni, wanatafuta madini kwa taabu. Sisi Mwenyezi Mungu ametupenda mpaka ametuwekea madini vinywani mwa watoto wetu! Mtoto anapiga miayo, tunaona utajiri! Sheria yetu inasema wazi, madini yote yaliyo ardhini, majini na mahali pengine popote ni mali ya Taifa. Nawauliza, kinywa cha mtoto si mahali pengine popote?"

Tuliitikia kwamba ni mahali pengine popote. Askari walikuwa wengi siku hiyo.

Kuanzia hapo mambo yakaenda haraka, na nchi yetu huwa haina haraka. Daktari Lwiza alipandishwa cheo, akapelekwa kusimamia afya ya kisiwa kisicho na watu. Leseni ya kuvuna meno alipewa Tajiri Makwaru, kwa vile ndiye mwenye uzoefu na madini yale, na akatunukiwa nishani kwa kuwa binadamu wa kwanza kupanda madini yakaota. Kila mtaa ukaletewa Ofisa Madini. Wetu alikuwa Bwana Gwandu, kijana mtaratibu, mwenye salamu, anayetembea na koleo mfukoni. Jino la mtoto likilegea, mzazi anatakiwa amwite. Kulitupa juu ya paa ni uharibifu wa mali, kulimeza ni wizi. Mtoto wa jirani wa pili alimeza lake kwa bahati mbaya, wakamkalisha uani na beseni mpaka Taifa lilipopata haki yake.

*

Mama Zawena hakuyajali hayo. Aliuza karai la mihogo, akauza kitanda, akambeba Zawena mgongoni kwa kanga, akaniomba nimsindikize hadi darajani kwa sababu mwanamke peke yake na mtoto mgonjwa hupuuzwa. Tukapanda lori la kabichi. Njiani Zawena alikuwa anasinzia na kuamka, akiamka anauliza tunakwenda wapi, akijibiwa anasahau, anauliza tena. Mama yake alimjibu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Darajani kuna meza ya forodha. Upande wa pili wa mto hospitali ilionekana, jengo refu jeupe, na mashuka yameanikwa uani. Ofisa wa forodha alituuliza kama tuna bidhaa. Tukasema hatuna. Akamwambia Zawena afungue kinywa, akamulika kwa tochi, na uso wake ukabadilika.

Alitueleza kwa upole kwamba hawezi kuruhusu madini ya Taifa yavuke mpaka. Mama Zawena akasema haya ni meno, na tena mabovu. Ofisa akasema ubovu hauondoi thamani. Mama akapiga magoti. Nilijaribu kuonyesha barua yangu ya pongezi ya kushona vitambaa, yule ofisa akaisoma, akanipa mkono, akanirudishia. Mwishowe akaenda kushauriana na mkubwa wake, akarudi na ahueni: madini yatolewe hapa hapa, mtoto aende zake.

Mama Zawena alimtazama mwanawe. Akaitazama hospitali. Akasema, "Ng'oeni."

Nilimshika mtoto miguu mimi. Hayakuwa mengi na mengine yalitoka kwa kuguswa tu. Sitasema Zawena alilia vipi. Yaliwekwa kwenye kisahani, yakafunikwa, na mama akaanza kufunga kanga avuke. Hapo ofisa akasema asubiri kidogo. Mkubwa ameisoma tena ile taarifa ya daktari, na daktari mwenyewe ameandika kwamba madini yamo pia mifupani.

"Na mifupa nayo mnaitaka?" Mama Zawena aliuliza.

"Mama, mimi siitaki. Sheria ndiyo inayoitaka."

Ofisa akampa mtoto maji ya kusukutua damu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikereketa hadi leo, kwamba tangu mwanzo hadi mwisho hatukukutana na mtu mbaya hata mmoja, wote walikuwa na adabu zao, na mtoto akarudishwa.

Tulikwenda mpaka kwa Waziri. Alitupokea, akatupa viti na soda. Akamweleza Mama Zawena kwamba anayaona machungu yake kama mzazi, lakini enzi za kusafirisha malighafi nje ya nchi zimekwisha. Nchi za kigeni zimetunyonya vya kutosha. Huyu mtoto akienda ng'ambo watamtoa madini bure, wabaki nayo, watuletee mtoto mtupu. Serikali ina mpango wa kujenga kinu cha ndani cha kuchenjua watoto, yaani kuwatenga na madini yao, na jiwe la msingi litawekwa mwakani. Mama Zawena akauliza kama mtoto wake atafika mwakani. Waziri akatazama saa yake, akasema ana kikao.

Zawena alishikwa na degedege siku ya Ijumaa. Kesho yake asubuhi alifariki mikononi mwa mama yake, uani, karibu na pipa la maji. Alikuwa na umri wa kuanza shule. Kitambaa cheupe nilichopewa kwa ajili ya mkutano wa Waziri nilikikata sanda, na waliponiuliza nikasema kimeliwa na panya. Kilibaki kipande kidogo cha kuokota, na hakuna aliyekuja kukiokota.

*

Mazikoni Bwana Gwandu alikuja, amevaa suti. Alisimama nyuma kwa heshima, akatia udongo pale walipotia wengine. Watu walipoanza kuondoka alimsogelea Mama Zawena, akamwambia pole, kazi ya Mungu haina makosa. Kisha akasema ametumwa na Wizara kushuhudia, ili mama asije akasumbuliwa tena. Jambo lenyewe limekwisha. Madini yamerudi ardhini, yalikostahili kuwa, na Serikali haimdai kitu.

Mama Zawena alikung'uta udongo mikononi.

"Mwambie Waziri aje achimbe," alisema.

Sote tulijua ni uchungu. Mtu aliyefiwa hasemi, anasemeshwa na msiba. Lakini Serikali yetu ni sikivu, haipuuzi neno la mwananchi hata dogo. Wiki haikuisha, tukaamka tukakuta vigingi vyekundu vimepigwa kuzunguka makaburi ya watoto ya Kitopeni, ambayo wakati huo yalikuwa yameongezeka, na ubao unaosema eneo hili lina leseni. Redio ikatangaza ugunduzi wa hazina mpya iliyo karibu na uso wa ardhi, rahisi kuchimbwa. Tajiri Makwaru alihojiwa, akasema anamshukuru mama mmoja mzalendo aliyetoa wazo.

Mama Zawena alikwenda makaburini, akaving'oa vile vigingi, akavitupa mtaroni. Asubuhi vikapigwa tena, akaving'oa tena. Wengine wakamfuata, mwanzo kwa woga, wanawake kwanza. Mimi nilibaki nyuma ya mti wa mwarobaini, nasema kweli, nikitazama.

Siku ya tatu Bwana Gwandu akaja na askari. Mama Zawena alikuwa amekaa juu ya kaburi la mwanawe, miguu ameinyoosha, mikono imejaa udongo. Bwana Gwandu akamwamkia kwanza. Akamwomba kwa adabu ainuke, kwa sababu amekalia mali ya Taifa.

Hakuinuka. Alimtazama yule kijana bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona.

"Mwanangu," alimwambia, "maji aliyokunywa Zawena ndiyo niliyoyanywa mimi. Vumbi lile lile. Hayo madini mnayoyatafuta na mimi ninayo, tena mimi ni mkubwa, ninayo mengi. Anza na mimi."

Akafungua kinywa.

Askari mmoja alivua kofia. Nilidhani sasa ataona haya, maana Bwana Gwandu ana mama yake, anaishi mtaa wa pili, na maji yetu ni ya mapipa hayo hayo.

Lakini Bwana Gwandu ni mtumishi mwaminifu. Alitia mkono mfukoni mlimo na koleo lake, akainama, akachungulia.